Sare ya Rangi ya Shingo ya Bata

Kitambaa chenyewe kilikuwa kizuri, na hilo naomba lieleweke kabla ya jambo lingine lolote. Kilikuwa kijani kile cha shingo ya bata dume. Ukikiinua kwenye mwanga kinakuwa buluu, ukikishusha kinarudi kijani, na ndani yake kuna uzi unaometa kwa adabu. Wanaosimulia kisa hiki Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa Guangzhou, na wanakisimulia sana, hasa wakiwa wanasubiri wali mgahawani, huanza na vigelegele, au na yule mwanamume aliyejifungia chooni. Mimi naanza na kitambaa kwa sababu mimi ndiye niliyekileta, na mpaka leo sijaonyeshwa kosa lake.

Nililelewa Morogoro, katika ukoo ambao mtu akiwa na shughuli, watu wake wanajulikana kwa nguo. Iwe harusi, kipaimara au kumuaga binti, mashangazi wana chao, majirani wana chao, kwaya ina chake. Unatupa jicho ukumbini na unajua nani ni wa nani. Mwenye shughuli akisimama mbele akaona safu nzima ya watu imevaa kama yeye, roho yake inatulia. Hata akichekwa hatachekwa peke yake. Nimevaa sare tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, na kuna picha ya kuthibitisha: nimefungwa kitambaa cha maua makubwa kilekile alichovaa mama, nami nalia.

Sasa nije kwa Mama Bosi. Hilo ndilo jina tulilompa sisi wateja wa Afrika Mashariki tunaonunua nguo Shisanhang, mtaa ule wa jumla ambako usipojua kupisha utapandiwa na marobota. Nilianza kununua kwake alipokuwa na kibanda cha kujibanza juu ghorofani, anashona mwenyewe nyuma ya pazia na kula wali juu ya cherehani. Mwaka mmoja niliumwa tumbo vibaya, nikalala chumbani kwangu mtaa wa Dengfeng bila kuweza hata kufika dirishani. Mama Bosi alikuja na uji wa mchele kwenye chupa ya chai, akaketi kitandani kwangu, akanitukana kwa Kikantoni mpaka nikaumaliza. Tangu siku ile tunaitana dada.

Mambo yake yakamnyookea. Alipata kiwanda, akapata fleti ng'ambo ya mto, kwenye jengo lenye bawabu anayevaa glavu nyeupe. Mumewe alibaki yuleyule. Ni mtu wa kutia rangi vitambaa, mpole, mwenye vidole vya buluu daima, na neno lake kuu ni moja: bu xing, haiwezekani. Ukiomba upunguziwe, bu xing. Ukiomba mzigo uwahi kontena bandarini Nansha, bu xing. Ukimwomba chai atasema bu xing, halafu baada ya muda kidogo anakuletea. Nimefanya naye biashara miaka mingi na kabla ya kisa hiki sikuwahi kumwona akikataa jambo kwa kweli.

Tatizo lilikuwa majirani wa ng'ambo ya mto. Mama Bosi alisema wanamsalimia kwenye lifti kama mtu aliyeleta mtungi wa gesi. Mabibi wa majengo yale wana chama chao cha dansi, na mwanzoni nilidhani ni mchezo wa kupunguza unene. Si mchezo. Wanacheza walsi, ile dansi ya kizungu ya kushikana na kuzunguka ukumbi taratibu, kidevu juu, kila mmoja anatazama nyuma ya bega la mwenzake kana kwamba anasubiri basi pale. Na katika kuzunguka huko ndiko wanakoamua mambo yote. Mtoto wa nani atakutanishwa na mtoto wa nani, nani ataalikwa chai, nani ataulizwa habari za mama yake. Asiyekuwa kwenye chama anaishi jengo lilelile, analipia bawabu yuleyule, na hayupo.

Anayetaka kuingia huandaa dansi yeye mwenyewe. Hukodi ukumbi, hualika chama kizima, na hufungua yeye dansi ya kwanza, mbele ya macho yote. Baada ya hapo mabibi wanarudi kwao, wanapigiana simu, na mtu anajulishwa kama amekuwa wao au la. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja wa lulu shingoni, ambaye Mama Bosi alimtaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyomtaja daktari wa upasuaji.

"Dada," aliniambia siku moja, akiwa na pini mdomoni, "magauni yao nimeshona miaka mingi. Mimi nataka kuvaa."

Alilitaka jambo hili kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Mimi nilikuwa naona ni upuuzi, na nilimwambia. Akanijibu kwamba mimi nina kwaya, nina kikundi cha akina mama, nina watu wa kunikasirikia nikikosa ibada. Ni kweli wananikasirikia.

Basi tukafanya mazoezi. Mumewe alipoombwa alisema bu xing, na safari hii hakurudi baada ya muda kidogo. Kwa hiyo nikawa mume mimi. Kila asubuhi kabla wateja hawajapanda ngazi tulisukuma matoroli ya nguo pembeni, tukashikana katikati ya magauni yaliyotundikwa, na kuzunguka. Jumapili, kabla ya ibada, tulikwenda bustani ya Yuexiu, ambako wastaafu wanacheza dansi chini ya miti kwa spika ya magurudumu. Pale wanawake wanacheza na wanawake bila mtu kuuliza, na kikongwe yeyote ana ruhusa ya kukusahihisha. Mmoja alikuja akanishika kiuno kwa mikono miwili, akakibana, akaniambia kitu ambacho Mama Bosi alikataa kunitafsiria.

Nilikielewa hata hivyo. Kwenye walsi kiuno kinatakiwa kilale, mabega yatulie, miguu ifanye kazi yote. Kiuno changu hakikulelewa hivyo. Kikisikia muziki kinataka kuchangia. Mama Bosi alikuwa akinifinya begani kila kilipoamka, na nilitembea wiki nzima na alama kama niliyeumwa na siafu. Lakini tuliendelea vizuri. Yeye alikuwa mwepesi kuliko mimi, akifumba macho akizunguka, na mara mbili tatu nilisahau kwamba tuko kati ya marobota.

Mwishowe mumewe alikubali, baada ya Mama Bosi kumnunulia viatu vyeusi vya kung'aa. Alikuja akajifunza kimyakimya, anahesabu kwa midomo. Mimi nikastaafu. Ukumbi ukakodiwa, hoteli moja ya kando ya mto, na siku zikabaki chache.

Ndipo aliponishika mkono dukani. "Dada, njoo. Leta madada. Mume wangu upande wake, kaka, shangazi, wengi. Mimi upande wangu…" Akatafuta neno. "Mei you."

Mei you ni hakuna. Ukiuliza saizi kubwa, mei you. Ukiuliza nyekundu, mei you. Nimelisikia neno hilo Guangzhou kuliko nilivyosikia jina langu, ila sikuwa nimewahi kulisikia likisemwa kuhusu watu. Wazazi wake walikwishafariki, na dada yake wa kuzaliwa walikosana zamani, huko mkoa wao wa milimani. Alichotaka yeye, nadhani, ni sisi tujaze meza moja. Lakini mwanamke anakuambia upande wake hauna watu, halafu wewe unajaza meza tu? Jioni ileile niliitisha kamati.

Tulikutana kwenye mgahawa wa Dengfeng, juu, karibu na wabadilisha fedha. Akina mama wa ibada yetu ya Kiswahili, wote Watanzania, isipokuwa mmoja, Mkenya wa Nairobi anayeuza simu, ambaye ni rafiki yangu na mpinzani wangu katika kila jambo. Nilieleza shughuli. Nikaeleza upande usio na watu. Akina mama wakasikitika kwa sauti, wakaagiza samaki, na kabla samaki hajafika tulikuwa na mwenyekiti, mhasibu na kamati ndogo ya mavazi.

Hapo ndipo kitambaa kilipoingia. Nilikuwa nimekiona juu ya meza ya kukatia ya Mama Bosi, jora lililofunikwa kwa shuka, na nilipolifunua alinipiga mkono kwa upendo. Lilikuwa la gauni lake la siku ile. Muuzaji wake wa vitambaa ni muuzaji wangu pia, kwa hiyo haikuwa kazi kubwa. Nikawaambia kamati: tushone kilekile. Aingie ukumbini awakute watu wake wamevaa kama yeye.

"Jamani!" alisema mhasibu, na machozi yakamlengalenga.

Mkenya alikuwa anatoa miba. "Manze, huyo mathe mmemwuliza kwanza?"

"Sapraizi haiulizwi," nikamwambia.

"Sawa. Mimi nimesema tu." Akalamba vidole. "Nipimeni basi, lakini msinibane tumbo. Hizo sherehe za masonko wenye pesa mimi huenda kukula."

Ninaliandika hili kwa sababu amelisema hadharani mara nyingi tangu hapo, kwamba yeye aliuliza. Ni kweli aliuliza. Lakini alipimwa.

Dansi ya watu wakubwa kumbe inachezwa mchana kweupe, kwa chai. Tulitoka ibadani kabla ya baraka ya mwisho, jambo ambalo mchungaji hakulifurahia, tukavalia kwenye choo cha hoteli huku tukifungana zipu. Tulipotoka, nakuambia, tulikuwa kitu cha kutazama. Wanane, shingo ya bata tupu, vilemba vya kitambaa hichohicho, viatu vya mchuchumio. Bawabu wa hoteli alitufungulia mlango wote wa pande mbili. Tukajipanga kwa urefu, mimi mbele, na tukaingia kama wanavyoingia wenye shughuli: hatua mbili mbele, moja nyuma, mabega yakiitikia, vigelegele vikitangulia.

Ukumbi uliganda. Piano iliyokuwa ikipigwa polepole pembeni ilisimama katikati ya sauti. Mabibi walikuwa wamesimama kwa makundi na vikombe vidogo, na jambo la kwanza nililoliona, hata kabla ya nyuso zao, ni kwamba hapakuwa na nguo mbili zilizofanana. Kila mmoja na rangi yake. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba wanapigiana simu majuma kadhaa kabla ili hata utepe wa pindo usigongane, na kwamba kitambaa cha mwandaaji kinafichwa kama mtihani wa taifa. Kuvaa kitambaa cha mwandaaji ni kumwambia mbele ya watu: wewe si kitu. Sisi tulimwambia wanane, kwa vigelegele.

Mama Bosi alikuwa mwisho wa ukumbi, ndani ya gauni lake, la tisa. Nilimngojea acheke, au alie, kama watu wanavyolia kwetu. Aliweka mkono shingoni, akabaki hivyo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona maji yakiingia dukani.

Mwenye lulu alimfikia kabla yangu. Aliuliza kwa upole, kwa Kichina safi cha shule ambacho hata mimi nakifuata: "Hawa ni kina nani?"

Na Mama Bosi akajibu haraka, bila kunitazama: "Wa kampuni. Wanaonyesha kitambaa."

Mabibi wakashusha pumzi. Ahaa. Wakapiga makofi ya ncha za vidole. Mmoja alikuja akanishika mkono wa gauni, akausugua kati ya vidole viwili, akapindua pindo aone mshono. Mwingine alimwonyesha Mkenya kwa kidole kwamba ageuke. Mkenya aligeuka, akageuka tena bila kuombwa, kisha akamwuliza keki ziko wapi. Tukapelekwa meza ya mwisho kabisa, kando ya mlango wa jikoni, ambao kila ulipofunguliwa ulimgonga mhasibu kiti.

Iliniuma. Sitaki kuipamba. Mtu aliyeketi kitandani kwangu na uji, tukaitana dada, nimekuwa mume wake wa asubuhi kati ya matoroli, ananiita wa kampuni. Akina mama waliniuliza amesema nini. Nikawaambia. Kamati ikakaa hapohapo, kwa kunong'ona, vichwa vimeinama juu ya vikeki vidogo visivyomtosha mtoto.

"Tuondoke," alisema mmoja.

"Tuondoke na vigelegele," alisema mwingine.

"Tule kwanza," alisema Mkenya.

Hoja ya tatu ilipita.

Hatujamaliza, mshereheshaji akatangaza dansi ya ufunguzi. Watu wakarudi nyuma, sakafu ikabaki wazi, inang'aa kama sahani. Mama Bosi akatoka katikati. Mumewe akatoka naye, suti nyeusi, viatu vinavyong'aa, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Piano ikaanza. Akamshika mkewe mkono, akatazama mduara ule wa mabibi, kaka zake mwenyewe, mwenye lulu na kipepeo chake cha kujipepea. Akamwinamia mkewe sikioni. Hakuna aliyesikia, ila sote wa Shisanhang tulijua alichosema. Kisha akaondoka kwa heshima, akatupita mlangoni, akaingia chooni, na tukasikia kitasa.

Piano iliendelea kidogo, ikasita, ikarudi mwanzo. Mama Bosi alikuwa amesimama peke yake katikati ya sakafu, mikono ikiwa bado imeinuliwa kidogo, mahali ambapo mabega ya mumewe yalikuwa. Bibi mmoja alikohoa. Mwingine aliziba mdomo kwa leso. Mwenye lulu alikunja kipepeo chake, na nikaona kabisa kwamba kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. Dansi isipofunguliwa, mtu hajaomba, na asiyeomba hakataliwi hata kwa simu.

Mama Bosi hakuwatazama wao. Alitazama mlango wa jikoni. Alinitazama mimi.

Mimi nilitazama keki. Nilikuwa na haki ya kutazama keki.

"Enda," Mkenya akasema chini chini.

"Siendi. Mimi wa kampuni."

"Utakasirika baadaye. Hiyo hasira haiozi. Enda!" Akanisukuma kiti kwa goti.

Nilivuka sakafu ile nikiwa nimekasirika, na naomba ijulikane kwamba nilibaki nimekasirika sehemu kubwa ya walsi. Nikafika, nikamshika mkono, nikaweka mwingine mgongoni pake. 

"Mimi wa kampuni, sivyo?" nikamwuliza.

"Dada, niliogopa."

"Mguu wa kulia," nikamwambia, kwa sababu msamaha ulikuwa haujafika. Tukaanza.

Tulizunguka. Mwanzoni tulikuwa wagumu, kisha tukasahau kidogo kama tulivyokuwa tukisahau kati ya marobota. Gauni langu na lake yaligusana, na kila tukigeuka hukujua lipi ni lipi, ilikuwa bata mmoja mnene anazunguka ziwani. Nikalibana tabasamu langu, nalo likakataa kubanwa. Kiuno kiliamka upande wa madirisha. Nilimngojea anifinye. Hakunifinya. Nikahisi cha kwake nacho kinaanza kuuliza maswali.

Meza ya jikoni haikuweza kuvumilia. Nilisikia kigelegele kimoja cha kujaribu, cha mhasibu, halafu vyote. Wakaja sakafuni kutuzunguka, kama tunavyomzunguka bibi harusi ili asicheze peke yake, wakipiga makofi ya mbili kwenye muziki wa tatu. Mpiga piano alihangaika, maskini, akatufuata sisi. Sijui alichopiga mwishoni, ila walsi haikuwa tena.

Ilipoisha, kulikuwa na makofi machache upande wa kaka za mumewe. Mwenye lulu alikuja kwetu akitabasamu. Nilikuwa bado nimemshika Mama Bosi mkono, sote tunahema.

"Kampuni yako," alisema mwenye lulu, "ina wafanyakazi wachangamfu sana."

Alikuwa amemfungulia mlango. Nilielewa, na nikaona Mama Bosi ameelewa. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Angeitikia, yangegeuka mazungumzo ya kuchekesha ya chai, mwenye kiwanda aliyeleta wacheza ngoma wake, na huenda angepita. Nikajisemea moyoni, itikia, dada, na nilimaanisha. Nilikuwa tayari kuwa wa kampuni mpaka jua lizame.

"Si wafanyakazi," alisema Mama Bosi. Akapaza sauti, mpaka mpiga piano akageuka. "Hawa ni watu wangu. Nguo hii ni yetu."

Mwenye lulu alisema, "Vizuri sana," kwa namna ile ambayo vizuri sana husemwa na mtu anayefunga mlango. Akina mama hawakuelewa hata neno moja, lakini waliuona uso wangu, wakajibu kwa vigelegele. Nilikuwa nalia, na nilikasirika kwamba nalia, kwa sababu wanja wangu haukuwa wa kuzuia maji.

Majibu ya chama yalikuja kabla ya wiki kwisha, kwa simu, kwa adabu. Msimu huu nafasi mei you. Msimu ujao wataangalia. Mama Bosi ndiye aliyenieleza, kwa maneno machache, nami nikakaa siku kadhaa bila kwenda dukani. Nilimwogopa. Kitambaa kilikuwa kizuri, nimeshasema, na kwetu ningepewa kuku, lakini hapa yule mwanamke alikuwa ameomba kitu kimoja tu duniani, na mimi ndiye niliyempelekea wanane wa kukivunja.

Nilipokwenda hatimaye nilibeba chapati, za kuombea njia. Nilimkuta kwenye meza ya kukatia, pini mdomoni. Hakunisalimia. Alichukua chapati, akaila yote amesimama, akanitazama.

"Rangi ile," akasema, "mimi naonekana mnene."

"Haikunenepeshi."

"Nilichagua kwa gauni moja. Watu tisa ni kama pazia." Akafuta vidole. "Mngeniuliza, dada."

"Ilikuwa sapraizi."

"Bu xing," akasema, na nyuma ya matoroli nilimsikia mumewe akikohoa.

Kisha akainama, akavuta jora kutoka chini ya meza, akalitupa juu likafunguka lenyewe mpaka ukingoni. Rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyokolea, nzito, isiyo na uzi wowote wa kumeta. Niliona hainipendezi. Damu ya mzee inanizeesha, kila mtu anajua.

"Ya nini?" nikamwuliza.

"Jumapili. Bustani. Wote." Tayari alikuwa ameshanizungushia futi kiunoni, bila kuniomba ruhusa, anaandika namba kwa chaki juu ya meza. "Waambie kamati. Safari hii nachagua mimi. Na naongoza mimi. Wewe kiuno hakisikii."

Nilikuwa na ya kusema kuhusu rangi, na nilikuwa na ya kusema kuhusu kiuno. Nikainua mikono nipimwe.

Mumewe alijitokeza kati ya magauni, na vidole vyake vya buluu na vile viatu vya kung'aa, ambavyo sasa anavivaa kazini. Alisimama pale akilitazama jora. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, kama kwetu wanaume nao hushonewa.

"Hushonewa mashati," nikamwambia. "Lakini lazima wacheze."

Nilimsubiri aseme neno lake. Mama Bosi naye alisimamisha chaki, anasubiri. Yule bwana alitazama viatu vyake, akatazama kitambaa, halafu akaja akasimama nyuma yangu kwenye foleni, mikono yote miwili juu.